Mashine mbili za kukereza ziko Dar, karakana iko Kahama: achukue ipi na aifikishe vipi?

SWALI: Nina karakana ndogo Kahama, natengeneza shafti, bushi na puli za makarasha ya dhahabu na mashine za kusaga na kukoboa. Mpaka leo kazi ya kukereza napeleka kwa mtu, faida inabaki kwake. Nimeona mashine mbili used Dar, moja ni Colchester Triumph 2000 ya Uingereza, imechakaa rangi na ina mafuta mafuta, nyingine ni Takisawa TSL-800 ya Japani imepigwa rangi mpya inang'aa na muuzaji anasema imeshuka juzi tu. Bei hazipishani sana. Nichukue ipi, na nitaisafirishaje mpaka huku bila kuharibika? Umeme wangu ni wa kawaida wa laini moja ila naweza kuomba fezi tatu.

JIBU:

Kaka habari za huko. Umeanza na mashine ukaja usafiri halafu umeme ukaweka mwishoni kabisa, mimi naomba tugeuze, tuanzie hapo kwako karakana turudi nyuma mpaka Dar, mana watu wengi wanaoumia na hizi mashine hawaumii kwenye kununua, wanaumia siku lori limefika saa mbili usiku na mzigo wa tani mbili upo juu na pale mtaani hakuna wa kuushusha, dereva anapiga kelele anataka kuondoka. Hapo ndo utaona vijana ishirini wanausukuma na nondo mpaka unaanguka kwa ubavu. Mashine ya chuma cha kalibu ikianguka haipindi, inavunjika.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi ya udalali, pima mlango wa karakana yako. Triumph ndefu ina urefu wa kama mita mbili na nusu na upana karibu mita moja, na utahitaji nafasi nyuma yake ya mtu kupita na kufungua kava ya umeme, na upande wa kichwa (kule kwenye gia) uache nafasi ya kupitisha shafti ndefu kwa nyuma kupitia tundu la spindo (ule mhimili unaozungusha kazi). Ukiibana ukutani umejinyima nusu ya faida yake. Sakafu je? Kama ni udongo au ile zege nyembamba ya sentimita tano ya kuzuia vumbi, mwaga zege ya maana angalau sentimita 15 na iache ikomae wiki tatu nne, yani uimwage kabla hujapanda basi kwenda Dar. Halafu tafuta mtu wa kushusha. Kahama si porini, kuna wakandarasi wa migodi wana foki (forklift) na malori yenye kreni, nenda ukaongee nao ujue bei ya saa na kama wanaweza kuja siku utakayopiga simu. Ukishajua hilo ndo unajua unaweza kununua mashine ya uzito gani.

Uzito wenyewe kwa makadirio: Harrison M300 ambayo ni ndogo ni kama kilo 700, Triumph 2000 inacheza tani moja na nusu mpaka mbili kutegemea urefu, Takisawa yako nayo humo humo, zile za Kirusi 1K62 zinapita tani mbili na 16K20 inakaribia tatu. Usikubali "haizidi tani" ya dalali, tafuta kibao cha mashine au uliza jina kamili la modeli uangalie kwenye mtandao.

Sasa umeme, hapa ndo Takisawa ya rangi nzuri inaanza kupoteza pointi. Viwandani Japani fezi tatu yao ni volti 200. Yetu ni 400. Mashine imeshuka kutoka Japani moja kwa moja, fundi umeme wa mtaani anaona nyaya tatu anaunga, anawasha, mota inatoa moshi, na siyo mota tu, pampu ya maji, koili za kontakta, taa, vyote mle ndani vimetengenezewa 200. Tena kule kwao nchi imegawanyika, upande wa Tokyo ni hezi 50 kama sisi na upande wa Osaka ni 60, ikiwa imetoka huko kwa 60 kwetu itazunguka polepole kidogo, hiyo haina shida sana ukijua. Lakini volti lazima utafute transfoma ya fezi tatu ya kushusha 400 kwenda 200, kwa mashine ya namna hiyo usiende chini ya kVA 10, na transfoma hiyo ni hela, ni uzito, na ni kitu kingine cha kusafirisha. Muulize muuzaji "transfoma yake iko wapi?" Akikuangalia kama umeongea Kichina basi ujue haijawahi kuwashwa hapa nchini, na kama imewahi basi mwombe akuwashie mbele yako.

Colchester yenyewe ilitengenezewa 415 ya Uingereza, hezi 50, kwetu inakula bila maneno. Ila inataka fezi tatu. Unasema unaweza kuomba, basi omba kweli na upate jibu la gharama kwanza, kama nguzo iliyo karibu yako haina nyaya zote gharama inaweza kukushangaza. Kuna watu watakwambia weka invata tu (kifaa cha kugeuza laini moja kuwa fezi tatu) utumie laini moja. Inawezekana, lakini sikiliza: invata ya kawaida ya kuingiza 230 ya laini moja inatoa 230 ya fezi tatu, siyo 400, kwa hiyo mota lazima iwe ile inayoweza kufungwa delta (namna ya kuunga koili zake) kwa 220, angalia kibao chake kama kimeandikwa 220/380. Kikiwa kimeandikwa 380/660 au 415 peke yake hapo hakuna njia ya mkato. Na mota ya Triumph ni kama hp 7.5, kwa laini moja itavuta ampia zaidi ya 35 ikibanwa, mita na nyaya za nyumba ya kawaida zitalia. Kwa mashine ndogo ya hp 2 au 3 invata ni jibu zuri sana. Kwa hii, omba fezi tatu.

Halafu kuna kitu ambacho hakihusu umeme wala usafiri na kwangu ndo kinaamua kesi yote: hiyo 800 kwenye TSL-800 ni urefu wa kazi kati ya senta na senta (zile ncha mbili zinazoshika shafti huku na huku), milimita 800. Wewe unatengeneza shafti za makarasha na vinu. Shafti ya mita moja utaiweka wapi? Utaanza kuipitisha nyuma ya spindo kama kipenyo kinaruhusu, kikizidi tundu umekwama unarudi kwa yule yule mtu unayempelekea kazi sasa hivi. Triumph 2000 zilitoka mbili, ya inchi 30 na ya inchi 50, yani kama milimita 760 na milimita 1270. Chukua futi kamba upime mwenyewe, mana ikiwa ni ile ya inchi 30 basi zote mbili ni fupi kwa kazi yako na sikushauri hata moja, subiri. (Ile 2000 watu wanadhani ni mwaka. Ni mizunguko ya juu ya spindo kwa dakika, ndo walivyokuwa wanaziita, Mascot 1600, Master 2500. Kwa hiyo dalali akikwambia "hii ya mwaka 2000 bado mpya" cheka kimoyomoyo uendelee kukagua.)

Kingine kwa kazi ya puli, Triumph nyingi zina gepu, kile kipande cha bedi (kitako kirefu chenye reli) karibu na chaki (kibanio chenye taya kinachoshika kazi) kinachofunguliwa ili puli kubwa izunguke bila kugusa. Hakikisha kipande kipo na hakijawahi kupotezwa na kutengenezwa upya na mtu wa weldingi, kikirudishwa vibaya kereji (kile kibebeo cha kisu kinachotembea juu ya reli) ikipita pale inaruka na utaona mstari kwenye kila kazi.

Sasa twende Dar kukagua. Rangi usiiangalie. Nasema ukweli mimi nikiona mashine used imepigwa rangi mpya mpaka kwenye bolti na kwenye vibao vya namba, naongeza wasiwasi badala ya kuupunguza, kwa sababu rangi inaficha nyufa na sehemu zilizochomelewa. Chukua tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa, futa miguu, kona za bedi, chini ya kichwa, shikio za kubeba. Unatafuta mstari wa shaba au mshono wa weldingi. Ukiukuta kwenye kava siyo kesi. Ukiukuta kwenye bedi au kwenye nyumba ya giaboksi, aga kwa adabu uondoke.

Bedi inalika karibu na chaki kwa sababu kazi nyingi hufanyikia hapo, kule nyuma inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Pitisha ukucha kwenye reli pale kereji inapoishia, ukisikia ngazi kubwa ujue imelika. Kipimo kizuri zaidi ni hiki, sogeza kereji karibu na chaki, kaza vibanio vyake mpaka iende kwa ugumu kidogo tu, halafu izungushe kuipeleka nyuma. Ikifika katikati ikagoma kabisa basi tofauti ya kulika ni kubwa. Mashine zote used zitabana kidogo, hilo usiogope, tunazungumzia ile inayogoma mpaka unataka kuning'inia kwenye gurudumu.

Spindo: bana bomba au shafti ngumu kwenye chaki, weka dayo geji (saa ya kupimia mchezo mdogo) juu ya spindo yenyewe siyo juu ya shafti, halafu inua kwa kipande cha mbao kama wenzo. Sindano ikicheza milimita 0.01 au 0.02 ni sawa. Ikicheza 0.05 uliza kama beringi zinakazika, na uliza kwa hofu, kwa sababu Colchester nyingi zinatumia beringi za Gamet na bei yake inaweza kukuliza, siyo kitu cha kwenda dukani Kariakoo ukarudi nacho mchana. Ndo mana nawaambia vijana kwamba used ya mzungu unanunua bedi na spindo, hivyo viwili vikiwa vizima vingine vyote ni matengenezo ya kawaida.

Gia zisikilize kwa kuwasha spidi moja moja mpaka ziishe, usikubali aishie kwenye spidi tatu anazozipenda yeye. Mlio wa kuvuma sawa, mlio wa tak tak tak unaokwenda na mzunguko ni jino limevunjika au limejazwa kwa weldingi. Mwombe afungue kava ya juu ya kichwa, bolti chache tu, utazame meno na mafuta. Mafuta kama maziwa maana yake maji yameingia. Mafuta yenye unga unaong'aa ukisugua kwa vidole, gia au beringi inajila. Mafuta mapya kabisa masafi kama asali kwenye mashine chafu namna hiyo… yamewekwa asubuhi kwa ajili yako.

Jaribu nyuzi, funga nati ya skruu ndefu (ile inayovuta kereji wakati wa kukata nyuzi) halafu tikisa kereji mbele nyuma, mchezo mdogo upo, ukiwa mkubwa nati imeisha. Nati inatengenezeka, unakereza ya shaba mwenyewe siku moja, kwa hiyo hapo siyo pa kukimbia, ni pa kuombea punguzo. Jua pia kama hiyo skruu ni ya inchi au ya milimita. Kama ni ya inchi na unataka nyuzi za milimita, kwenye baadhi ya mashine lazima kuwe na gia ya meno 127, kwa kuwa inchi tano ni milimita 127 kamili. Triumph nyingi giaboksi yake inachukua zote kwa kuhamisha mikono ila hesabu gia za akiba zilizopo, na soma chati iliyobandikwa mbele. Chati ikiwa imefutika piga picha ulichoona pamoja na namba ya mashine, mara nyingi imegongwa kwenye bedi upande wa mwisho, ukiwa na namba kitabu chake unakipata.

Mwisho wa ukaguzi lazima akate chuma mbele yako. Nenda na kipande chako cha shafti, kama milimita 50 unene, kitoke nje ya chaki sentimita 15 bila kushikwa kwa nyuma, pitisha kisu mkato mwepesi, halafu pima ncha zote mbili kwa maikromita. Tofauti ya 0.02 safi, 0.05 inaongeleka kwa sababu saa ingine ni mashine haijakaa usawa tu pale alipoiweka. Ukipata 0.2 kwa sentimita 15 hapo pana jambo. Na kama anasema umeme umekatika au "utaikata ukifika nayo", mwambie utarudi umeme ukirudi.

Vifaa! Hapa wanauza mashine uchi halafu wanakuuzia nguo zake moja moja. Chaki ya taya tatu na seti zote mbili za taya, chaki ya taya nne, stedi ya kushikilia shafti ndefu (wewe bila stedi hiyo mashine ni nusu), senta, kibebea visu, funguo ya chaki. Vikiwa vyote vipo bei yake iko juu kihalali, vikikosekana kata. Andika kila kimoja kwenye karatasi ya mauziano.

Na karatasi zenyewe ni muhimu kuliko unavyofikiri. Risiti ya EFD, mkataba wa mauziano wenye namba ya mashine, na kama imetoka nje nakala ya karatasi za kutolea bandarini. Barabarani watu wa mapato watauliza risiti ya mzigo, na mashine kuukuu isiyo na karatasi mbele ya askari inafanana na vyuma chakavu vya wizi, wewe utajieleza mpaka jioni pale njiani wakati dereva anakuhesabia siku ya kulala.

Nikurudishe nyuma kidogo kabla hujakata tiketi. Umetafuta karibu? Huko kwenu kanda ya ziwa kulikuwa na vinu vya pamba vya vyama vya ushirika, karibu kila kinu kilikuwa na karakana, na kwenye migodi kuna minada, Buzwagi hapo jirani yako tu ilifunga 2021. Vyuo navyo hubadilisha mashine. Humo utakutana na za Kiingereza, za Kihindi kama HMT na Kirloskar, za Kichina, hata zile zilizotengenezwa hapa hapa Moshi, kile kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilichojengwa kwa msaada wa Wabulgaria. Mashine iliyochoka kidogo ikiwa umbali wa kilomita mia inaweza kuishinda kwa gharama ile nzuri ya kilomita elfu, kwa sababu mnada wa karibu unakwenda na kreni uliyokodi mwenyewe na unarudi jioni ile ile.

Haya, tuseme umeamua Dar na Triumph ni ya inchi 50 na imepita. Kutoka Dar mpaka kwako ni karibu kilomita elfu moja, Morogoro, Dodoma, Singida, unashuka Sekenke, Igunga, Nzega, Tinde, Isaka. Lami yote, lakini matuta na rasta za kila kijiji unazijua. Lori la kukodi peke yako kwa tani mbili ni anasa. Tafuta yale yaliyoleta mchele Dar kutoka huko huko kwenu, yanarudi na bidhaa za dukani, dereva anakuuzia nafasi, na faida ya pili ni kwamba dereva ni wa Kahama, mna pa kukutana mkigombana. Magari ya transiti ya Rwanda na Kongo achana nayo hata kama bei ni nusu, yale yana mzigo wa forodha na lakiri, hayatakiwi kubeba mzigo wa ndani, yakikamatwa na mashine yako imo ndani utajua mwenyewe.

Muulize dereva maswali mawili. La kwanza, amebeba nini kingine. Ukisikia chumvi au mbolea, tafuta gari lingine, vumbi la chumvi au la mbolea likikaa kwenye bedi yenye unyevu kwa siku mbili tatu utakuta kutu imeshakula reli ulizozikagua kwa tochi. Saruji nayo siipendi, ule unga ukiingia kwenye mafuta unakuwa msasa. La pili, ameshajaza kiasi gani. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016 inataka ekseli moja yenye tairi pacha isizidi tani 10, na mizani inaanza hapo Vigwaza hata Chalinze hujafika. Gari lililokwisha kujaa likiongezwa tani zako mbili nyuma kabisa, ekseli ya nyuma inazidi, anapigwa faini au anaambiwa apunguze mzigo, na mzigo rahisi kupunguza unaujua ni wa nani.

Kupakia. Kabla ya kunyanyua sogeza kereji na kile kichwa cha nyuma mpaka mwisho kabisa wa bedi uvikaze, kwa sababu upande wa giaboksi ndo mzito na mashine inataka kulala kifudifudi. Toa chaki, ifunge kwenye sanduku lake na vifaa vingine, hiyo inapunguza uzito unaogonga beringi za spindo kila tuta, beringi isiyozunguka ikigongwa gongwa inaingia vidoti na utasikia mlio ukifika. Nyanyua kwa mikanda ya kitambaa ikipita chini ya bedi, weka mbao ili mkanda usikandamize skruu ndefu na fimbo za kulisha, zikipinda hizo umeua mashine ikiwa bado haijatoka getini. Hakuna kunyanyulia kwenye spindo, wala kwenye kereji, narudia, hata wakikwambia "sisi ndo kazi yetu hii". Na mikanda isiwe mifupi imelala bapa: miguu miwili ya mkanda ikiwa na pembe ya nyuzi (digrii) 60 kutoka usawa kila mguu unabeba kidogo zaidi ya nusu ya uzito, ikishuka mpaka nyuzi 30 kila mguu unabeba uzito wote. Mkanda wa tani mbili unakatika hivo watu wanaona uchawi. Foki nayo iliyoandikwa tani 3 ni tani 3 mzigo ukiwa umekaa karibu na mlingoti, kitovu chake cha uzito nusu mita kutoka kwenye mgongo wa uma, ukiusogeza mbele inabeba pungufu.

Kabla haijapanda ifunge kwa bolti juu ya magogo mawili mazito ya mbao, inchi sita kwa sita kama utapata, yatokeze pembeni kuongeza upana ili isipinduke. Hayo magogo yatakusaidia tena kushushia. Kwenye lori ikae katikati ya upana, mbele ya ekseli ya nyuma, mbao zikikaa kwenye sakafu, siyo chuma juu ya chuma, chuma juu ya chuma kwenye mafuta kinateleza kama sabuni. Ifunge kwa mikanda ya racheti au minyororo pande nne kuelekea chini, ikishika bedi na magogo, na mbele uweke kizuizi cha mbao kilichopigiliwa kwa sababu breki ya ghafla ndo nguvu kubwa kuliko zote, hesabu inayotumika ni vifungo vistahimili asilimia 80 ya uzito kwenda mbele na 50 kwenda pembeni na nyuma. Kwa tani mbili ina maana kilo 1,600 zinasukuma kwenda mbele. Kamba ya katani haiongei hapo. Mwambie utingo akaze upya wakifika Chalinze, mikanda hulegea mwanzo wa safari mbao zikijikaza.

Sehemu zote zinazong'aa paka grisi au mafuta mazito, funika kwa nailoni kwanza halafu turubai, ila nailoni usiibane mpaka chini, unyevu wa Dar ukifungiwa ndani unageuka jasho usiku pale Singida kwenye baridi. Bima ya mzigo safarini ulizia, kwa mzigo mmoja siyo ghali kihivyo ukilinganisha na bei ya mashine. Na kama unaweza panda lori hilo hilo. Kama huwezi, piga picha kila upande ikiwa imeshafungwa, dereva asaini karatasi yenye orodha ya vifaa mpaka funguo ya chaki.

Ikifika asubuhi au mchana, sawa. Ikifika usiku lipia dereva alale, shusha asubuhi. Ukiwa na foki au kreni ni dakika ishirini. Bila hivyo, stendi ya miguu mitatu ya bomba nene na cheni bloku ya tani 3 yenye kibao chake, unanyanyua sentimita chache lori linatoka chini, unashusha juu ya mabomba matatu manne ya inchi moja na nusu, unaviringisha mpaka ndani, mmoja tu ndo anatoa amri na hakuna mtu anayeweka mkono chini kupanga bomba, bomba linapangwa kwa fimbo. Kwenye mteremko wa mlango funga tirifo (winchi ya mkono ya waya) kwa nyuma iwe inaachia taratibu.

Ikishakaa kwenye zege usiiwashe siku hiyo. Isafishe grisi kwa mafuta ya taa, badilisha mafuta yote, kichwa, giaboksi ya nyuzi, eproni (boksi la gia mbele ya kereji). Iweke usawa kwa leveli ya mafundi mitambo, ile ya milimita 0.02 kwa mita, siyo ya mwashi, kwa urefu na kwa upana, kila kona ya mguu, kwa sababu bedi ikijipinda kidogo tu itakata shafti nene huku nyembamba kule na utadhani umeuziwa mbovu. Acha siku kadhaa upime tena ndo ukaze bolti za chini. Umeme uungwe na fundi, washa sekunde moja kwanza uone spindo inazunguka upande upi, ikizunguka kinyume badilishana nyaya mbili, na uangalie mafuta yanaonekana kwenye kidirisha. Spidi ya chini nusu saa, shika kichwa kwa mkono usikie joto, panda spidi taratibu. Halafu rudia ule mkato wa sentimita 15 uliofanya Dar ulinganishe namba.

Kwa hiyo jibu fupi la ipi: Triumph, kama ni ya inchi 50 na spindo haichezi. Ikiwa ni ya inchi 30, hifadhi hela yako uendelee kutafuta, na wakati huo omba fezi tatu na umwage hiyo zege. Ukiwa pale mbele ya mashine nitumie picha ya kibao cha mota na ya meno ya gia za kichwa kabla hujalipa, hizo mbili zitaniambia mengi kuliko video ya muuzaji.